Je, wajua kwa nini ripoti ya kidonge chenye kamera haiandikwi kwa maneno ya kujichagulia?

Mtu wa Lamu anayepungukiwa na damu bila sababu kujulikana huwa na safari ndefu mbele yake. Atavuka kwa boti hadi Mokowe, apande basi la kupitia Witu na Garsen hadi Malindi, na pengine aendelee mpaka Mombasa au Nairobi. Huko ataingizwa mrija wenye kamera mdomoni ili tumbo na mwanzo wa utumbo viangaliwe, kisha mwingine kupitia njia ya haja kubwa kwa ajili ya utumbo mpana. Majibu yote mawili yakiwa safi na damu bado inashuka, hubaki utumbo mwembamba, mita kadhaa zilizojikunjakunja katikati, ambako mirija hiyo haifiki.

Ndipo anapopewa kidonge chenye kamera. Marekani ilikiidhinisha mwaka 2001. Kina urefu wa milimita 26 hivi na upana wa 11, sawa na tende ndogo, na mgonjwa hukimeza kwa maji baada ya kukaa bila chakula usiku kucha. Utumbo wenyewe ndio unaokisukuma. Kikipiga picha 2 kila sekunde kwa saa 8, hukusanya zaidi ya picha 50,000, na zote hurushwa kwenye kifaa alichofungwa mgonjwa kiunoni. Baadaye hutoka na choo.

Anayezipitia picha hizo mara nyingi si yule anayemtibu mgonjwa. Mmoja anaweza kuwa Nairobi na mwenzake Malindi, wala hawajawahi kuonana. Ripoti ikisema tu "kuna wekundu sehemu fulani", daktari wa Malindi afanye nini? Ampe vidonge vya madini ya chuma na kusubiri, au amtafutie mgonjwa nauli ya kwenda kuchomwa kwa joto mshipa unaovuja ili uzibe?

Wekundu si wa aina moja. Mwaka 2019 kundi la wataalamu wa kimataifa lilikubaliana kuhusu maana za majina yake. Anjiektasia ni alama bapa, nyekundu ya kung'aa, yenye mipaka iliyo wazi, na ndani yake huonekana vishipa vilivyotanuka na kujisokota pamoja. Doa jekundu ni nukta isiyofika milimita 1, isiyo na umbo la mshipa. Kiraka chekundu ni eneo dogo bapa, nacho hakina mshipa unaoonekana. Kabla ya hapo, anjiektasia hiyohiyo iliandikwa kwa majina matatu au manne, kila hospitali na lake. Tofauti hizo zina uzito: katika mpangilio wa ngazi tatu unaotumika kupima hatari ya kuvuja damu, anjiektasia huwekwa P2, yaani hatari kubwa, na doa jekundu P1, yaani halina uhakika. P0 ni kitu kisichodhaniwa kuvuja kabisa.

Msamiati wa jumla wa ripoti za kidonge ulikuwa umechapishwa mwaka 2005. Humtaka msomaji aeleze nafasi ya ndani ya utumbo, kilichomo ndani yake, hali ya utando wake wa ndani, kisha alama bapa, vilivyojitokeza na vilivyochimbika. Jina la ugonjwa hungoja.

Kwangu mimi, hapo ndipo penye hekima kubwa zaidi ya kazi hii. Kidonda cha utumbo mwembamba kinaweza kuletwa na ugonjwa wa Crohn, ambao kinga ya mwili hushambulia utumbo wenyewe, na kifua kikuu cha utumbo, au na dawa za maumivu kama diklofenaki ambazo wazee wengi humeza kwa ajili ya magoti. Picha peke yake mara nyingi haiwezi kuvitenganisha. Msomaji akiandika "Crohn" kwa haraka, mgonjwa anaweza kuanzishiwa dawa za kushusha kinga ilhali ana kifua kikuu, na hilo ni hatari kubwa. Akiandika upana wa kidonda, kina chake, idadi na mahali kilipo, daktari wa Malindi atakamilisha yaliyobaki, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kukaa na mgonjwa na kumuuliza, "Mama, hizo dawa za magoti umezitumia tangu lini?"

Mahali napo pana utata wake. Kidonge hakipimi mita. Kina saa tu. Kwa hiyo muda kati ya picha ya kwanza ya utumbo mwembamba na picha ya kwanza ya utumbo mpana hugawanywa mafungu matatu. Kilichoonekana fungu la kwanza kwa kawaida hufuatwa kwa mrija mrefu zaidi unaoingizwa mdomoni, na kilicho mwishoni kabisa hufuatwa kwa njia ya chini.

Ukipewa ripoti hiyo, tazama kama imeandika usafi wa utumbo siku ya kipimo, maana mabaki ya chakula huficha vidonda. Tazama pia kama imesema kidonge kilifika utumbo mpana. Kama hakikufika, wala hukukiona kikitoka, mwambie daktari kabla ya kukubali kipimo chochote cha MRI (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku), ili upigwe eksirei ya tumbo kwanza: kidonge kina chuma ndani, na sumaku ya mashine ile ina nguvu nyingi.