Ndege wa Bagamoyo kwa daladala: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Bila gari la kukodi huoni kitu." Dhana hii inawanyima watu safari rahisi. Ndege wa Bagamoyo wako ufukweni na kwenye mikoko, ambako gari halikusaidii. Panda daladala ya Bagamoyo pale Makumbusho, Dar es Salaam, shuka stendi ya mwisho. Pwani ni mwendo wa miguu. Kaole, kijiji chenye mikoko kama kilomita 5 kusini mwa mji, nenda kwa bajaji au bodaboda. Kubaliana nauli kabla ya kupanda, na panga na dereva saa ya kukufuata. Ufukwe wa huko usiutembee peke yako na kamera shingoni.

"Ndege hutazamwa alfajiri." Msituni, sawa. Pwani kinachoamua ni maji. Yakipwa, tope huachwa wazi hadi mbali, na chamchanga na vitwitwi, ndege wadogo wanaokula topeni, huwa vidoa tu. Yakianza kujaa, sehemu ya kulia chakula hupungua na ndege husogea kidogo kidogo mpaka ulipo. Fika muda wa saa mbili kabla maji hayajajaa kabisa, keti, tulia. Ukiwafuata, wanaruka na kuhamia kwingine.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu saa 4 asubuhi. Ndiyo maana mgeni wa kutwa anayefika saa 3 asubuhi hukuta bahari imekwenda zake. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hujaa asubuhi, lakini hayapandi sana, na ndege hubaki wametawanyika.

Isitoshe, Bagamoyo inatazama mashariki. Asubuhi jua liko machoni na kila ndege ni mweusi. Alasiri liko mgongoni, na hata rangi ya miguu unaiona. Tatizo la jioni ni kurudi: ukishuka tu, uliza stendi gari la mwisho linaondoka saa ngapi, au lala hukohuko.

"Wale wadogo wa kijivu ni aina moja." Hapana, na kuwatofautisha ndiyo raha yenyewe. Anza na mdomo, kisha mwendo. Mwenye mdomo mrefu uliopinda chini huchovya topeni harakaharaka bila kwenda mbali. Mwenye mdomo uliopinda juu na miguu ya njano hukimbia ghafla akimfukuza kaa, akikata kona huku na kule. Maji yakijaa, huyu wa pili hupumzika kwenye mizizi ya mikoko. Wote wawili huzaliana Siberia. Wengi wako huku kuanzia Septemba hadi Aprili, ila wachanga ambao hawajaanza kuzaa huweza kubaki hata Julai.

Mdiria wa mikoko naye mtambue kwa mdomo: mwekundu juu na chini. Anayefanana naye, wa nchi kavu, ana weusi chini. Mtafute ukiwa ukingoni, kwa sababu tope la ndani humeza mguu hadi gotini.

"Darubini inayokuza zaidi ndiyo bora." Ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42, inatosha. Ya mara 20 bila kigoda cha kuiegeshea, picha inacheza tu.

"Kunguru mwenye shingo ya kijivu ni wa hapa." Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na hula mayai na makinda ya wengine. Kunguru wetu wa asili ni yule mwenye kifua cheupe.