Mofini sio sindano ya kufia: maswali mnayoniuliza wodini

Hivi ni kweli kuna nchi daktari anaruhusiwa kumsaidia mgonjwa afe?
Kweli. Oregon kule Marekani sheria inatumika tangu 1997, mgonjwa awe mtu mzima mwenye akili timamu, madaktari wawili wakubali ana miezi 6 au chini ya hapo, aombe mwenyewe zaidi ya mara moja, na dawa anywe mwenyewe. Uholanzi na Ubelgiji tangu 2002 daktari anaweza hata kuchoma sindano mwenyewe.

Na hapa Tanzania?
Hairuhusiwi. Kumsaidia mtu kujiua ni kosa la jinai, uwe daktari uwe ndugu.

Sasa mofini ya hospitali ya kansa ya Ocean Road si ndo hiyohiyo?
SIO. Mofini inatuliza maumivu, unaanza na dozi ndogo inapandishwa taratibu, ikitumika hivyo haimuui mgonjwa. Kinachoua ni kansa. Mmekaa naye Mbagala miezi na miezi mnampa panadol, mnamleta ugonjwa umeshafika kwenye mifupa, akifariki wiki hiyo mnasema dawa imemmaliza!

Si bora tuitunze mpaka hali iwe mbaya kabisa?
Hapana jamani, hapana. Nimeingia nyumba ya mama mwenye kansa ya shingo ya kizazi, chupa iko juu ya kabati haijafunguliwa hata kizibo, binti ananiambia hiyo ni ya siku ya mwisho, na mama yuko pale kang'ata kanga asipige kelele majirani wakasikia. Mofini ni ya siku maumivu yanapoanza kushinda dawa za kawaida.

Hatakuwa teja?
Akinywa alivyopangiwa kwa ajili ya maumivu, hiyo hofu wekeni pembeni. Ila msimkatishe ghafla.

Akisema "niueni tu nipumzike"?
Msimgombeze, na msikimbilie kusema ana pepo. Muulize panauma wapi, kalala saa ngapi, anaogopa nini. Wengi ninaowaona wakishapata usingizi wa usiku mmoja hilo neno halirudi, wanaulizia uji. Likirudi, tuambieni, tukae naye.

Kwa hiyo tunampaje?
Ile ya maji kwa kawaida ni kila masaa manne, hata kama saa hiyo haumwi, msingoje alie. Apewe na dawa ya kulainisha choo. Siku za mwanzo atasinzia, kawaida, ila mkiona haamki au anapumua kwa shida mleteni hapohapo. Na tena, akinywa alivyopangiwa mofini haimuui, mpeni.