Mshono wa Kikopti na Kipimo cha Kukaza Uzi

Kwa miaka mingi nimekuwa nikijalidi vitabu kwa njia ya utepe: mikunjo ya karatasi hushonwa juu ya vitepe vya kitambaa, mgongo hupakwa gundi, kisha jalada hufuata. Katika njia hiyo gundi husamehe mengi. Uzi uliolegea hapa na pale hufunikwa, na mwenye kitabu hatajua kamwe. Mshono wa Kikopti hauna maficho hayo, kwa kuwa mgongo huachwa wazi bila gundi na kila kiungo cha uzi huonekana kikiwa kimelala juu ya mwenzake kama mnyororo. Faida yake ni kwamba kitabu hufunguka na kulala bapa mezani, ukurasa wowote ule, bila kushikiliwa.

Asili ya mshono huu ni Misri, miongoni mwa Wakristo wa Kikopti wa karne za mwanzo, na jamii yake ya karibu imeendelea kutumika Ethiopia kwa vitabu vya kanisa vyenye majalada ya mbao. Injili ya Mtakatifu Cuthbert, kitabu kidogo kilichotengenezwa Uingereza yapata mwanzoni mwa karne ya 8 na kununuliwa na British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, mwaka 2012, imeshonwa kwa mtindo wa jamii hiyohiyo, na jalada lake la asili bado limekishika kitabu. Uzi ulioshika kwa takriban miaka 1,300 ulikazwa na mtu aliyejua kiasi cha kukaza, na kiasi hicho ndicho nilichotaka mikono yangu ikijue.

Niliamua kushona daftari lilelile mara kumi. Kila moja lilikuwa na mikunjo minane, kila mkunjo karatasi nne zilizokunjwa pamoja na kutoa kurasa 16, urefu wa mgongo sentimita 15, na matundu manne yaliyotobolewa kwa msharasi katikati kabisa ya kunjo. Nilihakikisha nyuzinyuzi zilizomo ndani ya karatasi zinaelekea sambamba na mgongo, maana zikienda kinyume karatasi hukataa kukunjika vizuri na kitabu hakifunguki kwa ulaini. Uzi ulikuwa wa kitani, uliopitishwa kwenye nta ya nyuki ili usijisokote wala usiteleze baada ya kukazwa. Sikubadilisha chochote kutoka daftari moja hadi jingine, ili kasoro ikitokea nijue imetoka mkononi.

Mwendo wenyewe hueleweka upesi. Uzi hutoka kwenye tundu la mkunjo unaoshonwa, sindano hushuka hadi mahali mikunjo miwili ya chini yake ilipoungana, hupita nyuma ya uzi uliopo hapo, kisha hurudi ndani kwa tundu lilelile na kuelekea tundu linalofuata. Ugumu upo katika kuvuta. Daftari la kwanza nililivuta kwa woga, na nilipolisimamisha lililala upande kama mtu aliyechoka, mikunjo ikisogea huku na huku. La pili nililikaza kwa nguvu niliyoizoea katika kazi ya utepe. Nilipofika mkunjo wa tatu nilisikia mlio mdogo mkavu: uzi ulikuwa umepasua karatasi kutoka kwenye tundu kwa karibu milimita tano, na karatasi iliyochanika kwenye kunjo hairudi kuwa nzima.

Kosa langu halikuwa nguvu peke yake. Nilikuwa nauvuta uzi kuelekea kwangu, yaani kwa pembe kali kutoka kwenye mgongo, hivyo uzi ukawa unakata karatasi kama kisu. Uzi unapaswa kuvutwa sambamba na mgongo, kuelekea upande ambao mshono unakwenda, huku kidole gumba cha mkono mwingine kikiukandamiza mkunjo mahali pa tundu. Kidole hicho kilinifundisha kuliko jicho. Uzi unapofika kipimo chake, mkunjo huacha kusogea chini ya gumba. Hapo ndipo pa kusimama, hata kama jicho linasema bado kuna nafasi. Niliihisi hali hiyo wazi kwa mara ya kwanza katika daftari la tano, na furaha yake ilinifanya nishone la sita jioni hiyohiyo.

Sindano nayo ilikuwa na somo lake. Ile yenye ncha kali niliyoizoea ilikuwa ikichoma katikati ya uzi wa kiungo cha chini badala ya kupita nyuma yake, na uzi uliochomwa hivyo hauwezi tena kuteleza kujipanga unapokazwa. Nilibadilisha nikatumia sindano butu, kwa kuwa matundu yamekwisha kutobolewa na ukali hauna kazi tena. Jambo jingine ni kuipitisha nyuma ya kiungo kutoka upande uleule kila mara. Katika daftari la saba nilisahau mara moja tu, na kile kiungo kimoja kilichogeuka ndicho kitu cha kwanza ninachokiona kila nikilishika.

Majalada nilidhani yatakuwa mepesi, kumbe la mwisho ndilo gumu zaidi, kwa sababu hushonwa pamoja na mkunjo wa mwisho na uzi hulizunguka kabla ya kurudi ndani. Likilegea, hucheza kama mlango wenye bawaba mbovu. Sasa hulikaza mara mbili: kwanza uzi unapotoka kwenye tundu la jalada, kisha tena baada ya kuuzungusha nyuma ya kiungo, kabla sijaingia ndani ya mkunjo. Daftari la kumi lilisimama wima lenyewe mezani, mnyororo umenyooka katika matundu matatu. Katika tundu la nne, karibu na ukingo wa chini ambapo mshono hugeuka kuanza safu mpya, bado umelegea kidogo, na tayari nimekunja karatasi za daftari la kumi na moja kwa ajili ya tundu hilo moja.