Herufi za Mbao Hazimfai Mtoto Asiyeona

"Mwalimu, nukta hizi za nini? Si umchongee tu A, B, C azipapase?" Kila shule zikifunguliwa wazazi wa watoto wasioona huniuliza hivyo kuhusu nukta nundu, yaani breli, maandishi ya nukta zilizotokeza yasomwayo kwa vidole; na wengine huja na herufi zenyewe, zimekatwa kwa plaiwudi na kupigwa msasa vizuri. Nia yao naiheshimu. Lakini jambo hili lilishajaribiwa Paris katika miaka ya 1780, na watoto ndio walioteseka.

Valentin Haüy, aliyefungua shule ya vijana wasioona huko, alichapa vitabu kwa kugandamiza karatasi yenye unyevu juu ya herufi kubwa za kawaida mpaka zikatokeza. Watoto walisoma, ila kwa kukokota. C, G, O na Q chini ya kidole zote ni duara. Mpaka ulizungukie lote ndipo ujue kama lina pengo au mkia. Jicho huiona herufi nzima papo hapo, kidole lazima kiifuate. Na kuna kubwa zaidi ambalo wazazi hawaniulizi kamwe: mtoto ataandikaje? Kitabu cha Haüy kilihitaji mtambo. Mwanafunzi hakuweza kumwandikia mama yake barua, wala kurudia kusoma alichoandika mwenyewe. Huko ni kusoma nusu!

Charles Barbier, Mfaransa aliyewahi kuwa afisa wa jeshi, alipeleka mfumo wake wa nukta shuleni hapo mwaka 1821. Zilikuwa 12, safu mbili za sita sita, na ziliwakilisha sauti, si tahajia. Bado ncha ya kidole haikuzienea. Louis Braille, mwanafunzi wa hapo, akazipunguza hadi sita. Mfumo ulikuwa umeshakaa sawa mwaka 1824, akiwa na miaka 15, na ukachapishwa 1829. Chukua neno "baba": b ni nukta mbili zilizofuatana wima upande wa kushoto, a ni ile ya juu peke yake. Kidole kikigusa, kimeshasoma. Na mtoto wa darasa la kwanza anazitoboa mwenyewe kwa kibao chenye matundu na stailasi, kijiti chenye ncha, kutoka kulia kwenda kushoto, kisha anageuza karatasi na kusoma.

Wengine husema nukta nundu ni lugha. Si lugha. Kiswahili kikiandikwa kwa nukta ni Kiswahili kilekile.

Husemwa pia kwamba ilipokelewa kwa mikono miwili. Wapi! Katika miaka ya 1840 mkuu wa shule hiyohiyo aliipiga marufuku, wanafunzi wakaandika kwa siri. Ufaransa iliikubali rasmi 1854, miaka miwili baada ya Braille kufariki.

Je, herufi za mistari hazimfai yeyote? Hapo nalegeza. William Moon wa Brighton, Uingereza, naye asiyeona, alitoa mwaka 1845 herufi kubwa zilizorahisishwa kutoka zile za kawaida, na ziliwafaa hasa waliopoteza uoni ukubwani. Mzee aliyesoma kwa macho miaka yote, na vidole vyake vimekufa ganzi kwa kisukari, sitamlazimisha nukta. Mtoto aanze nazo siku ya kwanza.