Mkurugenzi wa TEHAMA si fundi wa kompyuta

Hapa Tanga, kijana akisema anataka kuwa mkurugenzi wa TEHAMA serikalini, huulizwa: "Kwa hiyo utakuwa unatengeneza printa?" Sivyo. Printa ina fundi wake, na kazi yake ni ya heshima. Mkurugenzi hupanga bajeti, husimamia mikataba na usalama wa taarifa, na huhakikisha mifumo inasomana. Mtazame mama wa Ngamiani anayelipia leseni ya biashara: anapewa kontroo namba, yaani namba ya kulipia, analipa kwa simu, na GePG, mfumo wa serikali wa malipo kwa mtandao, unayatambua malipo yake papo hapo. Hapo fedha, benki, simu na halmashauri vimekutanishwa, na kuna mtu aliyebeba maamuzi ya kuvikutanisha. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 inamwajibisha mkurugenzi huyo pia. Anayekitaka kiti hicho asome ununuzi wa umma mapema.