Kusajili Chama Si Kukubaliana Nacho

Mara ya tatu mwezi huu nimelisikia, safari hii ndani ya matatu ya Kikuyu. Mwanafunzi alimwambia mwenzake: "Chuo kikisajili klabu ya siasa kama ile, basi kinakubaliana nayo." Mwenzake akaitikia. Nilishuka Kangemi neno hilo likinikera bado.

Kauli hiyo inagusa haki mbili. Uhuru wa kujieleza ni haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari na mawazo. Umo katika Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya 2010, ambacho hakilindi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Haki ya kuunda chama imo katika Kifungu cha 36.

Kinachotupotosha, nadhani, ni neno kibali. Ni la Kiarabu, la mzizi mmoja na kukubali. Ndiyo maana wazazi huwaombea watoto wao wapate kibali mbele za watu, yaani wapendwe. Sasa klabu ya siasa ikisemekana "imepata kibali" cha chuo, sikio linasikia kwamba imependwa. Sajili nalo limetoka Kiarabu, ila maana yake ni kuandika daftarini. Msajili wa vizazi anapoandika jina la mtoto, haisifu familia yake. Anaandika kwamba mtoto huyu yupo. Na Kifungu cha 36 kinazungumzia usajili: usinyimwe wala kufutwa bila sababu ya maana, na kabla haujafutwa wahusika wasikizwe.

Wamarekani walifika hapo mwaka 1972, katika kesi ya Healy na James. Mkuu wa chuo kimoja cha Connecticut alikataa kulitambua tawi la chama cha wanafunzi cha mrengo wa kushoto. Mahakama ya Juu ilisema kuchukia mawazo ya kundi hakutoshi kulinyima nafasi. Kukataa kufuata kanuni halali za chuo kunaweza kutosha.

Sisi Nairobi hatuna haja ya kwenda mbali. SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilipigwa marufuku mwaka 1987. Uhai wa chama ukitegemea kupendwa na wakubwa, huo ni upendeleo, na upendeleo huondolewa wakati wowote.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa matatu, klabu ile unaweza kuipinga kwa nguvu zako zote, hata uitishe mdahalo nayo. Lakini chuo kikiiandika daftarini, sema "imesajiliwa". Usiseme "imekubaliwa".