Namna uso wa metali usio na mpangilio unavyonasa mwanga

Mwanga unaoonekana kwa macho una urefu wa wimbi wa takriban nanomita 400 hadi 700 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na lenzi ya kawaida, hata iwe bora namna gani, haiwezi kuukusanya katika doa dogo kuliko karibu nusu ya urefu huo. Uso wa dhahabu au wa fedha huuvuka mpaka huu, kwa kuwa elektroni huru za metali hutikisika kwa pamoja zinapoangukiwa na mwanga, na mtikisiko huo, uitwao plasmoni, husafiri ukiwa umeng’ang’ania uso wenyewe.

Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Southampton nchini Uingereza, mwanakemia Martin Fleischmann na wenzake waliuparuza kwa umeme uso wa elektrodi ya fedha ili ubebe molekuli nyingi zaidi za piridini, kemikali waliyoichunguza kwa kuimulika na kupima mwanga unaotawanywa na molekuli zake. Miaka mitatu baadaye, makundi mawili ya watafiti, moja la Marekani na jingine la Uingereza, yalionyesha kwamba wingi wa molekuli haukutosha kueleza nguvu ya mwanga uliotawanywa, kwani kila molekuli ilikuwa ikitoa ishara iliyokuzwa mara laki moja au zaidi.

Plasmoni inayokutana na vinundu na nyufa zilizokaa ovyo hutawanyika kila upande. Mawimbi yaliyopita njia mbalimbali hukutana tena, yakaimarishana mahali fulani, panapotokea nukta angavu, na kufutana kwingine. Mtawanyiko ukizidi, wimbi hushindwa kabisa kusonga mbele, jambo ambalo mwanafizikia Philip Anderson alilieleza mwaka 1958 kuhusu elektroni. Hata hivyo, si kila nukta angavu ni ushahidi wa kunaswa kwa namna hiyo: huenda ni mwanya mwembamba tu kati ya chembe mbili, na wimbi lililokoma huenda limemezwa na metali na kugeuka joto. Ndiyo maana mtafiti makini hupima nukta nyingi na kuchunguza jinsi vipimo vyake vinavyotofautiana.

Utando wa dhahabu wenye unene wa nanomita chache, ambamo visiwa vya metali ndiyo kwanza vinaanza kuungana, hutengenezwa kwa kuvukizia dhahabu juu ya kioo, bila kuuchora kwa miale ya elektroni. Nukta zake haziwezi kupangiwa mahali, kwa hiyo haumfai anayetaka kuweka molekuli moja mahali maalumu. Lakini kwa kuwa mianya yake ina ukubwa tofauti, utando huohuo huitikia leza nyekundu na ya infraredi pia.